Tonge Lisilopigwa Picha

Mtaa mzima ulijua Boram amekula nini mchana. Sisemi hivi kwa kumsengenya, ndivyo ilivyokuwa. Muuza tofu alijua, mke wa fundi viatu alijua, na mimi niliyemkata nywele tangu akiwa na mapengo nilijua kuliko wote. Mama yake, dada Gilja, alikuwa akija saluni kwangu kila siku na simu mkononi, anaketi kwenye kiti cha dirishani hata kama hana nywele za kutengeneza, anatangaza: "Leo kala viazi vitamu viwili na yai. Dubu kapiga makofi."

Dubu huyo alikaa ndani ya simu. Ilikuwa programu ya kupunguza mwili, ya zile ambazo wasichana wa hapa mjini Wonju huziweka kila kiangazi kinapokaribia na kuzifuta kikiisha. Unapiga picha sahani yako, na dubu mdogo mweupe anaitazama. Chakula kikiwa chepesi anapiga makofi. Kikiwa kizito anakaa kitako na kufunika macho kwa viganja. Mizani ya bafuni nayo inapeleka uzito wako kwenye simu bila kukuomba ruhusa. Na familia mkitaka mnajiunga pamoja, kila mmoja anaona sahani yako na kukutumia dole gumba au neno la kukutia moyo. Boram hakutaka. Aliyetaka ni kaka yake, Jaehyok, na kundi akalipa jina: Tumwokoe Baba.

Baba mwenyewe, mzee Deoksu, alikuwa fundi wa kubandika karatasi za ukutani. Saluni hii alinibandikia yeye, na hadi leo huoni maungio. Lakini alikuwa mtu wa soju, ile pombe yetu kali, wale ambao asubuhi ni wapole na jioni wanarudi nyumbani wakitafuta kosa. Nyumba yao na saluni yangu zinagawana ukuta mmoja. Nimesikia kwa masikio yangu meza ya chakula ikipinduliwa, bakuli zikivunjika, Gilja akifagia wali sakafuni bila kusema neno. Na Boram, binti yake, mzee alimwita Furushi tangu darasa la kwanza. "Furushi, kaniletee soju." "Furushi, utavunja kiti hicho." Mtoto alikuwa mnene, ni kweli, lakini jina alikuwa nalo.

Sasa ini la mzee lilikuwa limekauka. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba hata viatu vikamkataa. Madaktari wa Seoul walisema wazi: bila kipande cha ini kutoka kwa mtu mzima wa afya, hatamaliza mwaka ujao. Foleni ya kungojea ini la marehemu ni ndefu, na wengi hufia humo humo foleni. Basi kwetu jambo kama hilo huwa limeshapata mwenyewe, naye ni mtoto. Mtoto akimpa mzazi ini, shule aliyosoma inamtundikia bango langoni na majirani wanamletea uji wa kokwa za misonobari. Mtoto asipotoa, hakuna anayesema kitu. Watu wanajua tu, na wanakuangalia hivyo maisha yako yote.

Jaehyok ndiye kifungua mimba. Hata mama yake hapa mtaani anaitwa Mama Jaehyok, na sijawahi kumsikia mtu akimwita Mama Boram. Alipimwa? Hakupimwa. Mkewe alisema wana watoto wawili wadogo, mumewe ana kazi kubwa Seoul, akilala kitandani nani atawalea. Mashangazi wote wakakubali kwa vichwa. Gilja ana kisukari, madaktari walimkataa siku ileile. Kisha vichwa vyote vikageuka upande mmoja, kwa Boram, miaka thelathini na nne, muuzaji wa miwani, hana mume, hana mtoto. Kana kwamba asiye na mume hana matumizi ya ini lake.

Akapimwa. Damu ikapatana, kila kitu kikapatana, isipokuwa jambo moja: ini lake lilikuwa na mafuta. Ini lenye mafuta halikatwi, linaweza kumuua anayelitoa na lisimsaidie anayepewa. "Punguza mwili," daktari akamwambia. "Baridi ikianza urudi, tupime tena."

Hapo ndipo dubu alipoingia nyumbani kwao.

Nilikuwa nikimwona Boram akipita jioni kwa mwendo wa haraka kuelekea njia ya kando ya kijito, uso umeiva, soksi zimepandishwa. Mchana anakula kiazi na majani. Jaehyok, aliyekataa hata kuchomwa sindano ya kupimwa, anamtumia ujumbe kutoka Seoul: "Kaza buti, mdogo wangu! Baba anakutegemea!" Boram akipitisha saa ya chakula bila picha, simu inalia: "Vipi, mbona kimya?" Nilikuwa nikisoma ujumbe ule kwenye simu ya Gilja, natamani ningekuwa na kichwa cha Jaehyok kwenye sinki langu na maji ya moto.

Siku moja ya mapumziko Boram alikuja kupunguza nywele. Aliketi, akaiweka simu kifudifudi mapajani, na kabla sijachukua mkasi ikalia.

"Ni yeye?" nikamuuliza.

"Nani mwingine. Nimechelewa kupiga picha kifungua kinywa."

"Mwambie umekula dubu."

Akacheka. Ana kicheko kizuri yule binti, cha tumboni, lakini kilikatika njiani. Nikamtazama kwenye kioo.

"Boram, niambie kweli. Wewe mwenyewe unataka kumpa?"

"Mama mdogo, hilo hajaniuliza mtu. Wataniuliza hospitali. Kuna nesi kazi yake ni hiyo. Anakuchukua chumbani peke yako, anafunga mlango, anakuuliza: unatoa kwa hiari yako, au umelazimishwa? Ukisema hutaki, hawakutaji. Wanawaambia ndugu zako kwamba ini halifai, basi, yameisha."

"Sasa si mlango huo hapo? Pita!"

"Nipiteje? Wakisema halifai, kaka atauliza halifai vipi. Ana picha ya kila nilichoweka mdomoni tangu masika. Ana uzito wangu wa kila asubuhi. Atakwenda nazo kwa daktari, atamwambia huyu mtu amekula nyasi miezi yote hii, hebu nielezeni." Akaigeuza simu, dubu akampungia mkono. "Huu mlango wa nesi kaka ameuziba kwa huyu hapa. Labda hata hajui kama ameuziba."

Nikamkata nywele. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akasema bila kugeuka: "Si kwamba nataka afe. Sitaki afe. Sitaki tu akae na kitu changu ndani yake. Mtu aliyenipindulia bakuli la wali kwa kuwa nimeomba niongezewe." Halafu akashuka ngazi haraka, maana simu ilikuwa inalia tena.

Nilichokiona baada ya hapo kilinichukua muda kukielewa, ingawa kilikuwa kinatokea mbele ya pua yangu.

Nyuma ya saluni nina chumba kidogo chenye meza fupi. Gilja hutengenezea humo vitoweo vyake vya mboga mchana, kwa kuwa jiko langu lina dirisha na lake halina, na Boram akitoka dukani kwake huja kula nasi. Boram anaketi, anamenya kiazi, anapiga picha, dubu anashangilia, Seoul inatuma dole gumba. Yameisha. Kisha Gilja, mkono umezama kwenye beseni la mchicha uliokandwa kwa kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, anasema: "Boram, hebu onja chumvi."

Boram anafungua mdomo. Mama anamtilia tonge kwa vidole.

"Vipi?"

"Bado kidogo."

Gilja anaongeza chumvi, anaongeza mafuta, anakanda. "Na sasa?" Tonge jingine. Kisha figili. Kisha uyoga uliokaangwa na nyama. Kisha kipande cha chapati ya dengu kilichokatika pembeni, "hiki kimevunjika, hakifai kuwekwa sahanini, fungua mdomo." Mwisho wa chakula Boram amekula kiazi kimoja, na ameonja mlo wa watu wawili.

Nyinyi mnaweza kucheka. Lakini kwetu kuonja si kula. Tonge linalotoka kwenye mkono wa mtu mwingine halina sahani na halihesabiwi, na kulikataa ni kumtukana aliyelishika. Sote tumekua hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga kula kwa ajili ya vipimo, nikamwapia nesi kwa moyo mweupe kwamba sijatia kitu mdomoni tangu jana, nami nilikuwa nimeonja supu ya wifi yangu asubuhi ileile. Kwa hiyo mwanzoni niliona ni mazoea tu, mama na mtoto.

Ila mizani ya bafuni haikuwa na mazoea. Kiangazi kikaisha, majani ya mti wa ginko mbele ya saluni yakaanza kuwa manjano, na mstari wa uzito wa Boram kwenye simu ukabaki umelala kama mgonjwa. Picha safi, dubu ana furaha, uzito haushuki.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Gilja alikuwa anamtilia binti yake tonge la tatu la chipukizi za maharage, na mafuta yanamchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Nikacheka: "Dada Gilja, hiyo simu yenu inaona kila kitu isipokuwa mkono wako!"

Hakuna aliyecheka. Boram alitafuna polepole, macho yake kwenye kalenda ya ukutani. Gilja aliendelea kukanda beseni ambalo halikuhitaji tena kukandwa.

"Kuonja si kula," akasema.

Nilijiona mjinga, na wakati huohuo nilitamani kumbusu mikono ile yenye kitunguu saumu.

Aliniambia mwenyewe baadaye, akiwa na rola kichwani chini ya draya, sauti ya mashine ikimfunika. Aliongea na kioo.

"Nimempikia yule mzee miaka karibu arobaini. Akiwa hospitali nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha. Nikisema mwanangu asikatwe, nitakuwa mke aliyemuua mumewe. Boram akisema hataki, atakuwa mtoto aliyemuua baba yake. Daktari akisema hafai, hajaua mtu. Na picha ziko, zinaonyesha alijitahidi. Jaehyok mwenyewe atakuwa shahidi. Sikumpangia kitu Boram. Sijamwambia neno. Namwambia onja chumvi tu, naye anafungua mdomo."

"Na mzee?"

"Namlilia, mdogo wangu. Unadhani simlilii? Lakini yeye tumbo lake limejaa maji kwa mkono wake. La mwanangu lisipasuliwe."

Kwa hiyo huko ndiko walikoishi wale wawili majira yale ya kupukutika majani: ndani ya tonge moja, ambalo simu haikuliona na wao wenyewe hawakulitaja. Hapo ndipo mahali pekee Boram alipopumua.

Siku ya kutengeneza kimchi ya baridi, ile kabichi tunayoichachusha kwa pilipili, nilikwenda kuwasaidia, kama tunavyosaidiana kila mwaka. Kabichi zilikuwa zimelala kwenye chumvi usiku kucha, zimepangwa uani mlima mzima. Sisi wanawake tulikuwa tumevaa glovu nyekundu za mpira, pilipili imetufika viwikoni. Mzee Deoksu aliruhusiwa kutoka hospitali kwa siku chache, wakamkalisha kwenye jukwaa la mbao uani akiwa amefungwa blanketi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekuwa mdogo. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya karatasi kuukuu. Jaehyok na mkewe walifika kutoka Seoul wamevaa vizuri mno kwa kazi ile. Mkewe, nimtendee haki, alivua koti na kuosha figili bila kunyanyua uso. Jaehyok alisimama katikati yetu akishika simu.

Kwenye sufuria nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka na tangawizi. Siku hiyo haikamiliki bila nyama ile, inayoliwa ya moto kwa jani la kabichi changa na kimchi mpya. Ilipotolewa na kukatwa, kila mtu akasogea. Boram alipewa sahani yake: majani matupu na kipande kimoja cha tofu. Kaka yake akaipiga picha yeye mwenyewe.

Kisha hakuondoa simu. "Boram, hebu nieleze kitu," akasema. "Uzito wako haujashuka tangu mwezi wa nane. Mwezi ujao ndio vipimo."

"Nakula mnachokiona, kaka."

"Hiyo ndiyo inayonishangaza. Mwili haufanyi miujiza. Unakula kwa siri?"

"Jaehyok," Gilja akasema.

"Mama, acha niseme! Unanunua vitu dukani usiku? Unakula huko kazini? Baba amekaa pale, mwangalie! Mwangalie halafu uniambie hukuweza kufunga mdomo wako kwa miezi michache!"

Boram alisimama na mikono yake myekundu ikiwa imening'inia, hawezi hata kufuta macho kwa ajili ya pilipili. Nilitaka kusema. Naapa ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini ningesema nini bila kumfichua Gilja? Gilja alikuwa ameinama kwenye beseni, mabega yake yamepanda masikioni. Nikaelewa kuwa hata mimi nilikuwa nimeshaingia humo ndani pamoja nao na mlango umefungwa.

"Furushi," mzee Deoksu akaita. "Njoo hapa."

Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo tu. Boram akaenda, akasimama mbele ya jukwaa kama mtoto aliyeitwa kuadhibiwa.

Mzee akatoa mkono kwenye blanketi. Akavuta sinia la nyama. Akachukua jani changa la kabichi, akalitandaza kiganjani, na vidole vile vilivyobandika karatasi za mtaa mzima vilikuwa vinatetemeka hata jani likamwanguka mara ya kwanza. Akachukua jingine. Akachagua kipande cha nyama chenye mafuta mengi kuliko vyote, akakilaza juu ya jani, akaweka kimchi na chembe ya kitunguu saumu, akalikunja. Mimi sijawahi kumwona mtu yule akimlisha mtu. Hata mkewe hajawahi kumwona. Yeye ndiye aliyekuwa akilishwa.

"Fungua mdomo."

"Baba!" Jaehyok akapiga hatua. "Baba, hiyo haruhusiwi kabisa! Hiyo ni—"

"Nani kakuuliza wewe? Namlisha mwanangu." Hakumtazama hata. "Fungua, Furushi. Mkono unachoka."

Boram akafungua mdomo. Lile tonge lilikuwa kubwa, lilimjaza mashavu yote mawili. Alitafuna huku machozi yakimtoka na kushukia kidevuni, na mzee akamngoja kwa subira mpaka ameze. Kisha akakunja la pili.

"Soju nimeinywa mwenyewe," akasema, akilikunja. "Hakuna aliyenishikia kikombe. Na chakula chako nilikimwaga sana. Nakumbuka. Watu wanadhani mlevi hakumbuki." Akalinyanyua. "Kula. Mimi nimeshiba."

Akala la pili, akala na la tatu. Jaehyok akaiweka simu mfukoni, akatoka nje ya lango, tukasikia akiwasha sigara. Mkewe alikuwa analia juu ya figili.

Jioni nikiosha mabeseni na Gilja, moyo wangu ulikuwa mwepesi, nilikuwa karibu kuimba. "Dada," nikamwambia, "imekwisha! Mzee mwenyewe kamfungulia mlango. Nani atamsema sasa? Kasema mbele ya mashahidi!"

Gilja alikuwa anasuuza glovu, anazigeuza nje ndani.

"Wewe humjui binti yangu," akasema.

Nilidhani ni uchovu.

Kesho yake mchana tuliketi chumbani nyuma ya saluni kama kawaida. Gilja alikuwa anakanda mchicha. Nilimwona akitazama mlango mpaka Boram alipoingia, akavua viatu, akaketi, akamenya kiazi chake, akakipiga picha. Dubu akashangilia.

"Boram," mama yake akasema, tonge tayari liko kwenye vidole, linameta mafuta. "Onja chumvi."

Boram hakufungua mdomo. Alichukua kisahani kwenye rafu, kile cha kuwekea mchuzi wa soya, akakiweka mezani mbele ya mama yake.

"Weka hapa, mama. Nipige picha kwanza."

Mkono wa Gilja ukabaki hewani. "Kuonja si kula."

"Najua."

"Mimi huwa... Baba yako mwenyewe kakwambia ule. Kakwambia mbele ya watu."

"Ndiyo sababu." Boram aliongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Angenidai, mama, ningeendelea kujificha mkononi mwako mpaka azikwe. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, nawe ulijua. Nilikuwa naweza. Sasa kanipa. Maisha yangu yote hajawahi kunipa kitu, jana kanipa, tena kinachomtoka rohoni. Nitamwachaje afe baada ya hapo? Ningekuwa mtu wa namna gani?" Akaigeuza simu na kuiwasha. "Kanifunga kabisa. Kaka na dubu wake hawakuweza, yeye kaweza kwa kabichi. Weka, mama."

Nilimtazama Gilja nikitegemea angepiga kelele, angeitupa ile simu kwenye sinki la kuoshea nywele, na mimi ningemsaidia. Hakufanya hivyo. Aliuteremsha mkono polepole na kuliweka tonge kwenye kisahani. Lilikaa pale dogo sana, kijani kibichi, alama za vidole vyake vitatu zikionekana.

Boram akapiga picha. Dubu akalitazama, akasoma mafuta ya ufuta, akakaa kitako na kufunika macho. Papo hapo kutoka Seoul likaingia dole gumba, na maneno: "Safi sana kuwa mkweli! Tuko pamoja!"

Boram alisukuma kisahani kwangu, akaanza kula kiazi. Mstari wake ulianza kushuka wiki ileile. Siku ya vipimo ini lilikuwa safi, nesi alimchukua chumbani, akafunga mlango, akamuuliza swali lake, na Boram akajibu kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Lakini hayo yalikuwa bado. Mchana ule Gilja alikuwa amekaa na vidole vyake vya mafuta juu ya meza, hajui pa kuvipeleka.

"Chumvi vipi?" akaniuliza mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Nikalitia lile tonge mdomoni na kumwambia iko sawa. Sikuwa nimehisi ladha yoyote.